Kuku Waliofunga na Kuomba

Mlipokuwa mnaniaga pale dukani, mmoja wenu alisimama akasema Mama Sifa aandike mambo ya kazi ili yasipotee. Wengine mkapiga makofi, nadhani kwa sababu soda zilikuwa zinapata joto. Basi nimeandika. Sitaeleza nilipandishwa cheo lini wala nilianza na mshahara gani, maana hayo hayamsaidii mtu aliyesimama mlangoni na habari za kuku anayekoroma. Nitaeleza kuku, dawa, na watu waliotaka dawa ya kuku, ambao ndio sehemu ngumu ya kazi hii. Kuku hajawahi kunidanganya.

Nilipoingia kazini duka lilikuwa moja tu, lile la Mbarara, na lilikuwa duka la ng'ombe. Wenyeji wa huku mnawajua. Ng'ombe wao wana majina na wana ukoo, na mtu akitoka Bwizibwera kuja kumnunulia ng'ombe wake dawa anazungumza kwa sauti ya chini kama aliyemwacha mama yake hospitali. Kuku alikuwa na rafu moja, ya chini kabisa, karibu na sumu ya panya. Dawa zilizokuwa hapo zilikuwa za watu wenye mabanda makubwa: unafungua pakiti, unachanganya kwenye pipa, unanywesha kuku mia kadhaa. Sisi wa kambi ya wakimbizi ya Nakivale mtu alikuwa na kuku sita, tena wawili kati yao ni wa jirani.

Aliyesimamia duka alikuwa Mzee Tumwine, msaidizi wa mifugo aliyestaafu serikalini, mrefu, mwenye koti la kijani ambalo halikuwahi kukutana na pasi. Kiswahili chake alikipata jeshini ujanani, na jeshi lilimpa maneno ya kuamrisha peke yake. Alijua leta, toa, simama na funga. Hilo la mwisho ndilo lililonipa kazi.

Siku hiyo mimi nilikuwa mteja. Nilikuwa nimetoka kambini asubuhi kutafuta dawa ya vifaranga wangu, nikamkuta mbele yangu mama mmoja amefunga kilemba cha kanisani, ameshika mkono wa mtoto wa kike. Lafudhi yake niliijua kabla hajamaliza salamu: wa Kivu ya Kusini, wa upande wa Fizi, kama mimi. Jina lake Mama Faida, na mtoto ndiye Faida mwenyewe. Wiki iliyotangulia alikuwa amekuja kununua dawa, sasa alikuwa amerudi na malalamiko.

"Papa, kuku zilishindwa," alimwambia Mzee Tumwine.

"Nashindwa nini?"

"Kufunga. Siku ya kwanza zilivumilia. Siku ya pili zikaanza kulia. Halafu mbili zikakufa. Na sisi wote ku nyumba tulikuwa tunafunga pamoja nazo. Hata huyu mutoto alifunga mpaka saa sita."

Mzee alikunja uso. Kwake kila mwanamke alikuwa nyabo, yaani mama. "Nyabo, mimi nasema pea dawa, halafu funga kuku. Hii yenye iko gonjwa weka ndani, hii ingine hapana karibia. Wewe nafunga?"

"Tulifunga na kuomba," alisema Mama Faida, na sauti yake ilikuwa ya mtu aliyetimiza wajibu wake kikamilifu.

Nilicheka mpaka nikashika kaunta. Mzee alimaanisha kuku wafungiwe ndani, watengwe na wenzao. Lakini Mama Faida anasali katika kanisa ambalo maombi ya maana hayafanyiki bila kufunga, na mtu akitaja uponyaji na kufunga kwa pumzi moja, kwake hilo ni jambo la kawaida kabisa. "Muganga akisema dawa na kufunga," alinieleza, "mimi nitabisha juu ya nini?" Nikamweleza Mzee kilichotokea, nikamweleza na Mama Faida alichokuwa akikimaanisha Mzee, na wote wawili wakanitazama kwa mashaka.

"Wewe nasikia Kiswahili yangu na Kiswahili yake?" Mzee akaniuliza.

Nikamjibu kwamba nasikia vyote viwili.

"Kesho nakuja kazi."

Ndivyo nilivyoajiriwa kutafsiri Kiswahili kwa Kiswahili.

Mzee alinifundisha kazi kwa njia yake, yaani kwa kunikataza. Usifungue kopo kabla hujamwona kuku. Usiseme umemwona kuku kabla hujamnusa. Mwenye mafua ananuka puani, na uso unavimba kama wa mtu aliyetoka kung'olewa jino. Anayehara, tazama kinyesi chake kwanza, ndipo umsikilize mwenye kuku. Siku hizi ninyi mnatumiwa picha za kinyesi kwenye simu mkiwa mnakula, na nawaonea huruma, lakini sisi tulikwenda kukitazama pale kilipoangukia. Na kuku akipinda shingo, akaanza kutembea kinyumenyume, na wenzake wakaanza kuanguka mmoja baada ya mwingine, rudisha kopo kwenye rafu. Hicho ni kideri. Hakuna antibiotiki inayokigusa, na kinga yake ni chanjo iliyotangulia. Kusema "sina dawa" huku mtu anaona rafu nzima ya dawa nyuma ya kichwa chako ni sentensi ngumu kuliko zote katika kazi hii. Niliisema mara nyingi. Nimeitwa mchoyo, nimeitwa mchawi, na mama mmoja aliniambia kwa upole kwamba tutakutana mbinguni, kama nitafika.

Tawi la kambini lilipofunguliwa, Mzee alinituma mimi. Kilikuwa chumba kimoja karibu na soko la Juru, chenye rafu tatu, friji ndogo ya sola kwa ajili ya chanjo, mizani ya unga na ndoo. Friji ilipendwa kuliko mimi. Watu niliokuwa siwajui walianza kuniita dada, na baada ya salamu wakatoa soda mfukoni wakauliza kama kuna nafasi kidogo.

Lile tatizo la pakiti kubwa lilinifuata mpaka huko. Mtu mwenye kuku sita hawezi kununua pakiti ya kuku mia, na akiinunua ataweka unga uliobaki mpaka uwe jiwe, kisha atampa mbuzi, kisha atajipa mwenyewe. Kuugawa kwa kijiko na kuufunga kwenye vipande vya gazeti Mzee alikataa, na alikuwa sahihi, kwa sababu kipande cha gazeti hakisemi ni dawa gani wala ya nani. Basi tukafanya hivi. Nyumba zenye ugonjwa ule ule zinajiunga, pakiti inafunguliwa mbele yao, nachanganya dawa kwenye dumu safi, sisi tunaliita bidoni, na kila asubuhi kila nyumba inakuja na chombo chake kuchukua maji ya siku hiyo. Yakibaki jioni yanamwagwa. Walikuja na vikombe, na sufuria, na chupa za mafuta ya kupikia. Babu mmoja aliyekuwa anapita aliona foleni akajiunga nayo, akakingiwa kikombe, akakinywa chote palepale. Alirudi kesho yake akasema kifua kimefunguka. Nilimwondoa kwa heshima zote za umri wake.

Kila aliyechukua maji nilimwambia lile neno ambalo ninyi pia mtalisema mpaka midomo ichoke: kuku aliye kwenye dawa haliwi, wala yai lake haliliwi, mpaka wiki nzima ipite tangu dozi ya mwisho. Nilidhani kina mama watanuna. Badala yake walilipenda neno hili kupita kiasi, na nilichelewa kuelewa sababu. Sababu ilikuwa mashemeji. Shemeji akitokea bila taarifa, akavuta kiti, akaanza kuwatazama kuku uani kwa jicho la upendo, mwenye nyumba anasikitika: "Ah, shemeji, unakuta kuku ziko ku dawa." Shemeji anakula maharage, kuku anaishi. Kuku wa Juru wakaanza kuugua zaidi kila sikukuu ilipokaribia.

Nilipogundua, nikaanza kumnusa kila kuku wa nyumba, si yule mmoja tu niliyeonyeshwa, kabla ya kumpimia mwenye kuku maji ya dawa. Hapo nao wakapanda darasa. Mama mmoja alimpaka kuku wake maji ya ndagala, wale dagaa wa kwetu, puani ili anuke. Nilimnusa yule kuku taratibu, nikamrudisha kwa mwenyewe, nikasema huyu haumwi, huyu amekula vizuri kuliko mimi. Yule mama hakuona haya hata kidogo. Aliniuliza kama samaki mbichi angefaa zaidi.

Haya ni ya kucheka. Sasa nawaeleza kesi ambayo sikuicheka, angalau si mpaka ilipokwisha.

Miaka ilikuwa imepita na Mama Faida alikuwa jirani yangu, nyumba kwa nyumba. Mume wake alikuwa amefariki. Faida alikuwa msichana mzima, fundi cherehani mwenye wateja wake, na kijana mmoja wa upande wa Rubondo alikuwa amempenda kwelikweli, hata ukoo wake ukakubali kuja kujitambulisha. Lakini palikuwa na maneno. Wajomba wa kijana walikuwa wamesema kwamba nyumba isiyo na mwanaume haijui kupokea watu. Hawakulisema kwa sauti kubwa, ila kambini hakuna sauti ndogo. Na kwetu baba wa kijana anapokewa kwa kuku. Firigisi inawekwa mbele yake, nzima, kwenye sahani yake peke yake. Akiila, ameikubali nyumba na binti wa nyumba. Ukimwekea maharage umemwambia arudi alikotoka.

Kwa hiyo Mama Faida alifuga kwa ajili ya siku hiyo moja. Hakuuza kuku, hakuchinja, hata nilipougua malaria aliniletea uji badala ya supu ya kuku, na mimi nilielewa. Wiki ya ugeni ndipo mafua ya kuku yalipoingia Juru. Alikuja dukani Jumatatu, kabla sijafungua dirisha.

"Mama Sifa, kuku zangu zinakoroma kama batu. Uso inavimba. Na bakwe banakuja siku ya posho."

Siku ya posho kwetu ni Jumamosi.

"Umeshawapa kitu chochote?" nikauliza.

"Kidogo tu."

"Kidogo gani?"

"Tetra. Ile ya rangi mbili. Nilifungua, nikamwanga unga mu maji."

"Vidonge vingapi?"

"Kila kuku kimoja. Jogoo viwili, juu yeye ni mukubwa."

Nilikaa kwenye ndoo. Vile vilikuwa vidonge vya antibiotiki vya watu, vya mchuuzi wa sokoni anayeviuza juani pamoja na nyembe na betri. Hakuna aliyejua vina umri gani, wala kuku mmoja alikuwa amekunywa kiasi gani. Nilikwenda uani kwake, nikawanusa wote, na kweli ilikuwa mafua, yale yenye kutibika. Nikamwambia tutaanza dozi ya haki leo hii na kuku watapona. Kisha nikamwambia na lile jingine, kwamba Jumamosi hawaliwi.

"Na tukiacha dawa?"

"Tetra imeshaingia mwilini. Ukiacha, watazidi kuugua, na bado hawaliwi."

"Sasa bakwe batakula nini?"

"Sombe. Ndagala. Unapika vizuri."

Sombe ni kisamvu, na kwetu ni chakula cha kila siku. "Mama Sifa, weye uko rafiki yangu ao uko adui? Nimuwekee baba ya kijana sombe? Batasema Faida alikomaa mu nyumba ya njaa. Batasema balijua tangu mwanzo."

Nikamuuliza kama siku inaweza kusogezwa. Alitikisa kichwa, na nilijua jibu kabla ya kuuliza, kwa sababu siku ya wakwe ukiisogeza umeikataa. Kununua kuku mwingine nako kulikuwa kujidanganya. Wiki ile kila kuku aliyekuwa sokoni ama alikuwa mgonjwa ama alikuwa amekunywa dawa, na wengine walikuwa na vyote viwili, maana watu walikuwa wanawaondoa kabla hawajafa. Mama Faida hakulia. Alikunja kilemba chake, akakikunjua, akakikunja tena, akaenda kuchota maji ya dawa kama nilivyomwelekeza. Kanuni niliijua, niliiamini, na siku hiyo niliichukia.

Jumatano Mzee Tumwine alikuja kwa pikipiki kupitia Masha, amebeba sanduku la chanjo mapajani kama mtoto. Nilimweleza habari yote, nikamuuliza kama hakuna dawa nyingine, hata ya bei mbaya, ambayo kuku anaweza kuinywa leo na kuliwa Jumamosi.

"Na hii tetra yenye kuku nakunywa, wewe natoa namna gani?" akauliza.

Nikamshikia sanduku la chanjo.

"Nyabo, kopo hapana jua harusi," alisema, akaendelea kupanga chanjo kwenye friji, akisukuma soda za watu pembeni.

Wakati huo huo aliingia mwanaume mfupi, nadhifu, amevaa koti na kalamu mbili mfukoni. Alisema anatoka Rubondo, kuku wake wanakohoa, majirani zake pia, na wameambiwa dukani kwetu dawa inachanganywa kwa ujumla. Nilimwuliza maswali ya kawaida, akajibu vizuri, nikamwambia nitafika kesho kuwaona. Kisha nikampa lile neno la wiki nzima.

"Hata moja tu?" aliuliza. "Mutu akikula moja, inafanya nini?"

Mzee aligeuka kutoka kwenye friji. Alipenda sana swali hilo.

"Wewe nakula kuku yenye iko na dawa," alisema, akimgusa tumbo kwa kidole, "gonjwa ya ndani yako naona dawa kidogo kidogo. Nazoea. Siku moja wewe nalala kitanda ya hospitali. Daktari napea wewe dawa ile ile. Gonjwa naona dawa, nacheka."

Mwanaume alinigeukia mimi. "Anasema ugonjwa itacheka?"

"Ndivyo anavyosema," nikatafsiri.

"Itacheka sana?"

"Sana," akasema Mzee, bila kusubiri tafsiri.

Yule bwana alifunga kifungo cha koti, akafungua, akafunga. Akasema, na nakumbuka maneno yake, "Tangu leo sikuli kuku yenye sijui maisha yake." Akatuaga na kuondoka. Mzee alifurahi siku nzima. Alisema huyu ndiye mteja wa kwanza aliyesikia Kiswahili chake moja kwa moja.

Alhamisi nilipofika Rubondo niliwanusa kuku wa majirani na wake pia, ila yeye mwenyewe hakuwepo, alikuwa kanisani kwenye kikao. Sikuuliza ana shughuli gani Jumamosi. Hiyo si kazi ya mtu wa dawa.

Sasa lazima niwaeleze Madamu. Nyumbani nilikuwa na kuku mmoja jike, mwekundu, mwenye kutembea kama mwalimu mkuu anayekagua madawati, na kwa sababu hiyo nilimpa jina hilo. Alikaa ndani ya wavu wake peke yake, mbali na kuku wa mtaa, chanjo zake zote alizipata kwa wakati, na tangu alipoanguliwa hakuwahi kuonja antibiotiki. Nilikwenda naye kwenye masomo ya kina mama ili waone jicho la kuku mzima linavyokuwa na pua safi inavyokuwa. Alisimama mezani akawatazama wanafunzi mpaka wakanyamaza. Nilimpenda, na sioni sababu ya kuficha.

Ijumaa alasiri nilimkwapua, nikavuka uzio.

Mama Faida alikuwa anachambua sombe. Alinitazama mimi, akamtazama Madamu, akaelewa, akasimama.

"Hapana, Mama Sifa. Madamu, hapana."

"Mchukue kabla sijageuza moyo."

"Wanafunzi watamuulizia."

"Nitawaambia ameolewa."

Hatukucheka. Nilimwachia, nikarudi nyumbani bila kugeuka nyuma, nikafua nguo ambazo hazikuwa chafu.

Jumamosi nilivaa kitenge, nikachukua nafasi ya shangazi wa binti, yaani kushika beseni la kunawia mikono. Wakwe waliingia kwa wimbo, wazee mbele, wajomba nyuma wakikagua paa, kuta na viti. Nikaanza kumnawisha mkubwa wao. Niliona kwanza kalamu mbili. Kisha koti. Kisha uso, na uso wenyewe ulikuwa umeniona tayari.

Baba wa kijana alikuwa yule yule wa ugonjwa kucheka.

Nikamwaga maji nje ya beseni. Yeye alinawa taratibu sana, kidole kwa kidole, bila kuniondolea macho. Sala ikaombwa, ndefu, ya kuwashukuru hata waliojenga barabara. Chakula kikaletwa: bugali, sombe, ndagala, na sufuria kubwa ya supu ambamo Mama Faida alikuwa amemtandaza Madamu kwa ustadi hata kila mgeni apate angalau harufu. Mbele ya baba wa kijana ikawekwa sahani nyeupe, na juu yake firigisi, peke yake, imekaa kama kitufe.

Hakuigusa.

Ukumbi ulinyamaza, maana hakuna anayekula kabla yake. Mjomba mmoja akakohoa. Mwingine akamnong'oneza jirani yake, na nilijua ananong'ona nini. Mama Faida alikuwa amesimama kwenye mlango wa jiko, kilemba mdomoni. Faida alikuwa ameinamisha kichwa. Mimi nilimtazama yule bwana nikaona jasho kwenye paji lake, na nikaelewa kwamba haikatai nyumba. Anaogopa kuku. Anamwona mama wa dawa amesimama na beseni ndani ya nyumba hii, na anawaza nimekuja hapa wiki hii kufanya nini. Kuuliza wazi kama kuku ana dawa hawezi, kwa sababu ni kuitukana nyumba ya watu mbele ya watu. Kujibu bila kuulizwa na mimi siwezi, kwa sababu hiyo hiyo.

Hatimaye alifuta jasho, akaniinulia uso.

"Mama," alisema polepole, "hii kuku iliokoka?"

Wajomba walitazamana. Katika watu wetu kuokoka ni habari ya roho, na hakuna aliyewahi kusikia ikiulizwa juu ya kitoweo. Lakini mimi na yeye tulikuwa tumesimama mahali pamoja.

"Iliokoka, Papa," nikasema. "Tangu ikiwa yai haijaonja kitu ya dunia hii. Niliilea mimi mwenyewe. Niko mushuhuda."

"Haikurudi nyuma hata siku moja?"

"Hata siku moja."

"Amina," akasema.

"Amina," ukumbi mzima ukaitikia, bila kujua unaitikia nini, na yeye akachukua firigisi kwa vidole viwili, akaitia mdomoni, akaitafuna mpaka ikaisha. Ilichukua muda, Madamu hakuwa kifaranga. Kisha akasema kwa sauti ya kusikika mpaka nje kwamba amefika kwenye nyumba ya watu wanaojua kupokea, wenye hofu ya Mungu hata katika mambo ya jikoni, na kwamba binti aliyelelewa hapa anamtaka kwake. Wajomba wakanyamaza na kuanza kula. Mmoja wao aliomba supu mara tatu.

Walipokuwa wanaimba, nilipenya jikoni. Nyuma ya ukuta kuku wa Mama Faida walisikika wakiparua, uvimbe umeshuka, hata yule jogoo wa vidonge viwili. Mama Faida alikuwa ameketi kwenye bidoni, ameachia kilio alichokuwa amekibana tangu Jumatatu, analia na kucheka na kutaja jina la marehemu mume wake. Nikaketi karibu naye, na mimi machozi yakanitoka. Kina mama waliokuwa wanaosha vyombo walidhani ninamlilia Faida anayeondoka, wakanipapasa mgongo, wakasema ndivyo mabinti walivyo. Mama Faida peke yake alijua ninamlilia nani. Alijifuta uso, akainamisha sufuria, akachota supu iliyobaki chini, akanipa bakuli. Nikainywa yote, nikamrudishia bakuli anichotee tena.